Kulisikiliza Begi la Kasi: Mwongozo kwa Bondia wa Nyanda za Juu Kusini

Katika viwanja vya ngumi vya Mbeya na Iringa begi kubwa halikosekani, hata kama ni kiroba kilichoshindiliwa matambara na maranda ya mbao na kufungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya mlingoti. Begi la kasi, lile dogo linaloning'inia chini ya ubao wa duara, ni adimu zaidi, na hata pale lilipo vijana wengi huligonga mara nne au tano, likawakimbia, wakarudi kwenye begi kubwa wakisema kwamba mikono yao ni mizito. Mikono yao haina kosa. Wanalikimbiza kwa macho kitu ambacho huongozwa kwa sikio. Mwongozo huu unaanzia kwenye kutundika begi lenyewe na kuishia kwenye raundi kamili ya dakika tatu, na kila hatua inaitegemea ile iliyotangulia, kwa hiyo anayeiruka hatua ya ubao kwa kudhani kuwa ni kazi ya seremala peke yake atalazimika kuirudia baadaye, akiwa amekwisha kukata tamaa.

Begi hili lina umbo la parachichi lililoning'inia kwa kikonyo chake: jembamba juu, nene chini, ngozi kwa nje na mpira wa kujazwa upepo kwa ndani. Likipigwa huruka, hugonga ubao ulio juu yake, hurudi na kugonga ubao upande wa mpigaji, kisha huondoka tena. Kazi yake ni kumzoesha bondia kushika mikono juu kwa muda mrefu bila mabega kuchoka, na kuifundisha ngumi kufika mahali kwa wakati wake. Nguvu halifundishi, na inafaa jambo hilo lisemwe mapema, kwa sababu pigo la begi la kasi ni tofauti kabisa na pigo la ulingoni. Anayepanda ulingoni na ngumi hii ya kuzungusha atajikuta anampapasa mpinzani huku mbavu zake mwenyewe zikiwa wazi.

Hatua ya kwanza: ubao

Ubao unaofaa ni wa duara, wenye kipenyo cha takriban sentimita 60, mzito na usiotikisika. Uzito una maana kuliko uzuri. Begi linapogonga ubao unaotetemeka, sehemu ya nguvu ya pigo huishia kwenye kuutikisa ubao badala ya kulirudisha begi, na matokeo yake ni kwamba mlio wa kwanza unasikika, wa pili unafifia, na wa tatu haufiki. Mwanafunzi anayejaribu kujifunza mdundo chini ya ubao wa namna hiyo anafundishwa mdundo usiokuwepo.

Huku kwetu mbao si shida, kwa kuwa paini za Sao Hill, karibu na Mafinga, zimejaa kwenye maduka ya mbao ya mikoa hii. Hata hivyo ubao mmoja wa paini ukitumiwa peke yake hupasuka kwa kufuata nyuzi zake baada ya kugongwa kwa muda. Njia ninayoipendekeza ni kukata duara mbili za plaiwudi ya milimita 18, kuzigandisha kwa gundi ya mbao, kuzikaza kwa skrubu zinazoingia kutoka juu na zisizotokeza chini, na kuiacha gundi ikauke usiku mzima. Paini itumike kwenye fremu ya kuushikilia ubao huo. Uso wa chini upigwe msasa mpaka uwe laini, kwa sababu kibanzi kidogo tu kitaikwaruza ngozi ya begi maelfu ya mara kwa wiki.

Swali linalofuata ni mahali pa kuufunga. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, na ukuta wa namna hiyo, hasa uliojengwa kwa udongo badala ya saruji, hauwezi kustahimili misumari wala plagi za plastiki, utaachia. Toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha bolti ndefu, na upande huo wa pili weka kipande cha mbao ngumu kabla ya kukaza nati, ili mzigo usambae kwenye matofali mengi. Anayefanya mazoezi uani achimbie nguzo mbili za mlingoti kwa kina cha karibu mita moja na aziunganishe juu kwa boriti. Mahali ambapo simshauri mtu kufunga ni kwenye kenchi za paa. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, katika chumba cha kupanga jirani na Mwanjelwa, mjini Mbeya, na kila nilipogonga mabati yote yaliitikia, misumari ikaanza kulegea, na mwenye nyumba akaja kuuliza kama ninavunja au ninajenga.

Chini ya ubao, katikati kabisa, hufungwa kizungusho, yaani ndoano ya chuma inayoliwezesha begi kuyumba na kuzunguka pande zote. Vipo vyenye gololi ndani ya kikombe cha chuma na vipo vya beringi, na vyote vinafaa mradi viwe vyepesi. Tundika begi, lisukume kwa kidole kimoja, na uangalie kama litaendelea kuyumba kwa muda bila kukwama. Likikwama, ondoa kutu na utie tone la mafuta ya cherehani. Grisi nzito haifai, maana asubuhi za baridi huganda.

Kimo ndicho kinachokosewa zaidi. Tumbo la begi, yaani sehemu yake iliyo nene kuliko zote, liwe usawa wa mdomo wa mpigaji. Likishuka hadi kifuani, mpigaji atainama na mikono yake itajifunza kukaa chini, jambo ambalo ni kinyume cha kusudi lote la begi hili. Likipanda hadi kwenye paji la uso, mabega yatapanda kuyafuata masikio na shingo itakakamaa kabla ya dakika moja kwisha. Katika uwanja unaotumiwa na watu wa vimo mbalimbali, ubao ufungwe kwa kimo cha aliye mrefu, na wafupi watengenezewe jukwaa la mbao la kusimamia, pana kiasi cha kutosha miguu iliyoachana na lisiloyumba hata kidogo.

Hatua ya pili: ukubwa wa begi na upepo wake

Anayeanza achague begi kubwa. Begi lenye urefu wa inchi 10 na upana wa inchi 7, ambalo ni kama sentimita 25 kwa 18, huenda polepole kuliko lile la inchi 8 kwa 5 wanalolipenda mabondia waliokwisha kuzoea, na mwendo wa polepole ndio unaohitajika kwa sasa. Kijana akilazimika kuanza na begi dogo kwa sababu ndilo lililopo, basi alipunguze upepo, kwa kuwa begi lililojaa sana huruka haraka na lililolegea kidogo huchelewa. Kipimo cha mikono kinatosha: bonyeza kwa vidole gumba viwili, na ngozi ibonyee kidogo tu. Upepo hujazwa kwa pampu ya baiskeli yenye sindano ya mpira wa miguu, na sindano hiyo ilowanishwe kwanza, kwa maana ikiingia kavu huichana valvu, na begi linaanza kuvuja kidogo kidogo bila mwenyewe kujua.

Hapa hali ya nchi yetu ina neno lake. Kila aliyepanda mlima Kitonga kwa basi akitokea Dar es Salaam amewahi kuona pakiti ya krispi ikivimba mkononi mwake, kwa sababu mgandamizo wa hewa ya nje umepungua ilhali hewa iliyofungiwa ndani ni ile ile. Begi lililojazwa upepo Kariakoo na kuletwa Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, litafika likiwa gumu kuliko lilivyoondoka, kwa sababu hiyo hiyo. Baridi nayo hufanya kinyume chake. Alfajiri za mwezi wa Juni na Julai, joto linaposhuka chini ya nyuzi 10, begi lililokuwa sawa jana mchana litakutwa limelegea, na ukiliongezea upepo saa hiyo, kisha ukalirudia saa nane mchana baada ya jua kulipiga, utalikuta gumu na lenye kasi isiyoshikika. Kwa hiyo bonyeza begi kila unapoanza mazoezi, hata kama hakuna aliyeligusa tangu jana.

Hatua ya tatu: mikono, mabega na mahali pa kusimama

Bendeji ya kawaida ya mita 4.5 inatosha. Izungushwe kwenye kifundo cha mkono, ipite kwenye kiganja na juu ya vifundo vya vidole, na izingatie kuufunika ubavu wa ngumi ulio upande wa kidole kidogo, kwa kuwa hapo ndipo begi litakapopita kila mara, na ngozi ya hapo huchubuka kwa mgeni siku ya kwanza. Glavu nyembamba za begi zinafaa. Glavu nene za kupigania ni nzito mno na humfanya mtu asihisi anachogusa.

Kuhusu kupasha mwili joto sitasema mengi, kwa sababu kila kocha ana utaratibu wake, isipokuwa kwamba mabega yanahitaji zaidi ya kawaida katika baridi yetu. Dakika tano za kuruka kamba, kisha kuzungusha mikono mbele na nyuma mpaka mabega yapate joto, ndicho kiwango cha chini. Aliyewahi kuanza begi la kasi alfajiri ya Julai Njombe bila kufanya hivyo anajua maumivu yanakaa wapi.

Simama ukilitazama begi uso kwa uso, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yakiwa yamelegezwa. Wapo wanaosimama kama ulingoni, mguu mmoja mbele, na hilo si kosa. Lakini anayeanza asimame sawa ili mkono wa kulia na wa kushoto ipate umbali mmoja. Kati ya begi lililotulia na uso wako iwepo nafasi ya kama shibiri moja na nusu. Viwiko vikunjwe na kuinuliwa mpaka vikaribie usawa wa mabega, ngumi zikae mbele ya kidevu, na ngumi iweze kulifikia tumbo la begi bila mkono kunyooka. Ukiona unalazimika kunyoosha mkono, sogea. Usilivute begi kwa kuinamisha mwili.

Hatua ya nne: milio mitatu

Hatua hii ndiyo mwongozo wenyewe, na ningependa msomaji aipe siku tatu au nne kabla ya kuendelea, hata kama ataona aibu ya kusimama mbele ya begi bila kulipiga sana.

Ligonge begi mara moja kwa wepesi, kisha shusha mkono na usikilize. Begi litagonga ubao upande wa mbali nawe, litarudi na kugonga upande wa karibu nawe, litaondoka na kugonga upande wa mbali tena, halafu litakuwa linakuja kwako. Wakati huo, likiwa limeshavuka katikati likielekea usoni pako, ndipo linapopigwa tena. Kati ya pigo na pigo, basi, kuna milio mitatu ya ubao.

Sababu ya kuwa mitatu ni rahisi kuielewa, na mtu akiielewa hataisahau. Baada ya mlio wa kwanza begi linakuja kwako. Baada ya wa pili linaondoka. Baada ya wa tatu linakuja. Baada ya wa nne linaondoka. Pigo zuri hukutana na begi linalokuja, kwa hiyo ni lazima litanguliwe na idadi ya milio iliyo witiri: mmoja, mitatu au mitano. Anayepiga baada ya mlio wa pili analikimbiza begi linalokwenda zake, na akilifikia analisukuma tu, likayumba ovyo. Mlio mmoja unataka mikono yenye kasi kubwa, na mitano inataka pigo zito linaloliwezesha begi kufika mpaka mwisho wa safari hiyo. Mitatu inampa anayeanza nafasi ya kuurudisha mkono na kujipanga bila kukimbizwa.

Kwa sikio, pigo lenyewe na mlio wa kwanza hukaribiana mno kiasi kwamba husikika kama kitu kimoja kizito, kisha hufuata milio miwili myepesi. Vijana niliofanya nao mazoezi tulizoea kuhesabu kwa jina la mji: TU-ku-yu, TU-ku-yu, TU-ku-yu, ngumi ikitua kwenye silabi ya kwanza. Mtu wa Rungwe atacheka, kwa kuwa jina hilo linapotamkwa mkazo huangukia katikati, lakini kwa kuhesabia linafaa kuliko moja, mbili, tatu, maana silabi zake zinalingana na ulimi hauchelewi. Sema kwa sauti. Anayehesabu kimoyomoyo huanza kudanganya baada ya hesabu ya tatu au ya nne.

Zoezi la kwanza ni kupiga mara moja, kusema TU-ku-yu, na begi linapokuja lishike kwa kiganja cha mkono huo huo. Ukilikuta kiganjani kwa ulaini, umepatia. Ukilikuta tayari limeanza kuondoka, umechelewa. Rudia mara ishirini kwa kila mkono. Zoezi la pili ni kusimama pembeni wakati mwenzako aliyezoea anapiga, ukiwa umempa mgongo, na kupiga makofi kila inapofika silabi ya kwanza. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na ndilo linalofundisha haraka kuliko yote.

Nilipokuwa bado nagonga kwa fujo, bibi mmoja jirani, mzee wa Kinyakyusa ambaye hakuwahi kuliona begi lile kwa kuwa lilikuwa nyuma ya ukuta, alinisimamisha njiani na kuniambia, "Mjukuu wangu, huko ndani mnatwanga wangapi? Mchi mmoja unamgonga mwenzake." Alikuwa amesikia sawasawa. Wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja hawaangaliani. Kila mmoja hushusha mchi wake pale sikio linapompa nafasi, na anayeharakisha kidogo hugonganisha michi. Tangu siku hiyo niliacha kuyatolea macho begi na ubao, nikawa nasubiri zamu yangu.

Hatua ya tano: njia ya ngumi

Ngumi husafiri kwa duara ndogo. Huenda mbele na kugusa begi, hushuka, hurudi kuelekea kifuani, hupanda mpaka mbele ya kidevu, kisha huenda mbele tena, kama mtu anayekanyaga pedali za baiskeli kwa mikono, isipokuwa duara yenyewe haizidi upana wa sahani. Wanaoanza huchora duara kubwa kama usukani wa lori, mkono unazurura, na unapofika begi limekwisha kupita.

Sehemu inayogusa ni ubavu wa ngumi, upande wa kidole kidogo, na inaligusa begi kwenye tumbo lake, katikati, bila kuelekea kushoto wala kulia. Mguso uwe mfupi. Kiasi cha nguvu ni kile cha kubisha hodi kwenye mlango wa mtu unayemheshimu: asikie, lakini asidhani kuwa umekuja kwa shari. Ngumi ikishagusa iondoke mara moja, kwa maana ikiendelea kulisindikiza begi inaliondolea mwendo wake na milio miwili inayofuata itakuwa hafifu.

Anza na mkono mmoja peke yake, mwingine ukiwa umetulia kidevuni. Lengo la kwanza ni mapigo kumi mfululizo bila begi kupotea, kisha ishirini, kisha dakika nzima. Mkono usio wa nguvu, ambao kwa wengi ni wa kushoto, upewe muda mara mbili ya ule mwingine. Sijaona njia ya mkato katika hili.

Mkono mmoja mmoja ukishakubali, unganisha kwa mapigo mawili mawili: kulia, kulia, kushoto, kushoto. Pigo la pili la kila mkono ni la kujipa muda wa kuuleta mwingine, na ndiyo maana mfumo huu hufundishwa kabla ya kupokezana pigo moja moja. Mkono unaosubiri usishuke. Uzungushe pale pale mbele ya kidevu ukiwa tayari. Wengi hupoteza mdundo kwenye badiliko, na chanzo chake karibu kila mara ni kwamba mkono unaoingia ulikuwa umelala chini ukapanda kwa kuchelewa. Badiliko likishakuwa jepesi kiasi kwamba asiyekuona hawezi kujua kwa sikio ni wakati gani umebadilisha mkono, hamia kwenye pigo moja moja: kulia, kushoto, kulia, kushoto, milio ikiwa ile ile mitatu.

Hatua ya sita: kulisoma kosa

Begi husema lenyewe lilipokosewa. Likianza kuzunguka duara badala ya kwenda mbele na nyuma, ngumi imeligusa ubavuni. Angalia kama kiwiko cha mkono huo kimeachia nje zaidi ya kingine. Likiruka likagonga ubao kisha likarudi bila mpangilio, huenda umelipiga chini mno, karibu na ncha. Na likisita likawa kama limekwama juu, umelipiga juu mno, karibu na shingo yake. Milio ikiwa haina tofauti kati ya mizito na myepesi, unasukuma.

Mdundo ukiongeza kasi peke yake mpaka ukakushinda, unapiga kwa nguvu zaidi kila pigo, na hili ndilo kosa la vijana wenye mwili mzuri. Dawa yake ni kusimama, kuliacha begi litulie, na kuanza upya kwa hodi ile ya heshima. Kulifukuza begi lililokwisha kupoteza mdundo hakuna faida; kila pigo unaloongeza hapo unaufundisha mkono kukosea. Mdundo ukipungua na kufa ilhali mapigo ni sahihi, acha kujilaumu na ukague bolti za ubao.

Pumzi nayo hukosewa bila kusikika. Wengi huibana wakiwa wamezama kwenye hesabu, na katika miinuko hii, ambako kila pumzi ina hewa pungufu kuliko pwani, mabega huanza kuungua mapema kuliko yanavyopaswa. Toa pumzi kwa puani au kati ya meno, kidogo kidogo, kila baada ya mapigo mawili au manne. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja kupiga kambi Iringa au Mbeya asishangae siku za kwanza akichoka kabla ya wenyeji.

Hatua ya saba: kuongeza kasi

Kasi haitokani na kupiga kwa nguvu. Hutokana na mambo mawili: duara ya ngumi kuwa ndogo zaidi, na begi kuwa gumu au dogo zaidi. Kwa hiyo, ukishaweza dakika mbili za pigo moja moja bila kupoteza mdundo, ongeza upepo kidogo, kiasi cha kusikia tofauti tu, na ubaki hapo wiki nzima. Hesabu ya TU-ku-yu itakuwa haraka mpaka ulimi usiifuate, na wakati huo hutaihitaji tena; sikio litakuwa linashika silabi ya kwanza peke yake na kuyaacha mengine yajiendee.

Kipimo cha kujua kama sikio limeshika kazi ni kufumba macho. Anza mdundo macho yakiwa wazi, ukitulia yafumbe kwa mapigo manne, kisha manane. Ukipotea mara moja, bado ulikuwa unatazama. Jaribu hili kwa begi kubwa na kwa mwendo wa polepole, na usogee nyuma nusu hatua ili begi lisikuguse puani.

Kuhusu muda, anza na raundi za dakika moja, mapumziko ya dakika moja, mara tatu, kwa siku tatu au nne za wiki. Ongeza nusu dakika pale tu raundi ya mwisho inapokuwa safi kama ya kwanza, mpaka ufikie raundi tatu za dakika tatu, ambao ndio mpango wa pambano la ridhaa. Weka begi la kasi mwishoni mwa mazoezi, baada ya begi kubwa, kama unataka mabega yazoee kufanya kazi yakiwa yamechoka; liweke mwanzoni kama bado unajifunza mdundo, kwa sababu mkono uliochoka hausikii. Midundo ya mlio mmoja, mitano, na ile ya kuchanganya ngumi na viwiko ni mizuri na inafurahisha watazamaji, lakini ningemwambia kijana aisubirishe hadi raundi tatu ziwe zimekamilika.

Baada ya mazoezi lipanguse begi jasho kwa kitambaa kikavu na ulitoe kwenye ndoano. Kati ya Novemba na Mei, mvua zinapokuwa hazikatiki, ngozi iliyoachwa nje huota ukungu na nyuzi za mshono huoza. Liingize ndani, mbali na jiko la mkaa, na mara moja kwa mwezi lipake mafuta ya ngozi kidogo kwenye mishono. Ndoano ibaki kwenye ubao, ila ifungiwe mfuko wa plastiki ili isishike kutu.